Julai ya Thysville, Januari ya Colito

Gulfton, mtaa wa kusini-magharibi mwa Houston, haukujengwa kwa ajili ya watu wanaoishi humo leo. Majengo yake ya kupanga, marefu kama mabweni na yaliyobanana kuzunguka maegesho ya magari, yaliinuka miaka ya 1960 na 1970, wakati biashara ya mafuta ilipokuwa ikivuta vijana wenye ajira nzuri kutoka kila pembe ya Marekani. Matangazo ya televisheni yaliwaahidi wapangaji mabwawa ya kuogelea, hata mashine za video za bure. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980 vijana hao walitawanyika, vyumba vikabaki vitupu, na wenye nyumba wakaanza kumpangisha yeyote mwenye kodi mkononi. Waliojitokeza kwa wingi walikuwa watu wa El Salvador na Guatemala, waliokimbia vita ambamo raia waliuawa zaidi na majeshi ya nchi zao wenyewe. Miaka mingi baadaye wakafika Wakongo, wengi kutoka Kivu kwa njia ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu nchini Tanzania, na Kiswahili kikaanza kusikika pembeni ya Kihispania kwenye foleni za dobi na vituo vya basi.

Katika mtaa wa namna hii, habari ya jeshi na serikali haihitaji kitabu. Mtu wa Fizi au Uvira akitaja basoda, yaani askari, anakumbuka kizuizi cha barabarani, mkono ulionyoshwa, na mbuzi aliyeondoka bila kulipiwa. Mtanzania anayeishi ghorofa ya juu yake akitaja mwanajeshi, anakumbuka gwaride la Uhuru, kuruta wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) aliyekuwa akitoka jasho shambani, na malori ya jeshi yakivusha watu wakati wa mafuriko. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti hiyo haikutokana na tabia ya makabila wala udongo wa nchi. Sehemu yake kubwa inatokana na maasi mawili yaliyopishana kwa miaka mitatu na nusu, yenye madai yanayofanana karibu neno kwa neno, ambayo serikali mbili changa ziliyajibu kwa njia mbili tofauti.

La kwanza ni la Kongo. Force Publique, jeshi lililoundwa miaka ya 1880 chini ya Mfalme Leopold II, lilikuwa jeshi, polisi na mkusanyaji wa mpira na kodi kwa pamoja. Askari wa Kasai alipelekwa Katanga, wa Equateur akapelekwa Kivu, ili asiwe na ndugu miongoni mwa watu atakaowachapa. Kilingala kikawa lugha yake, na hadi leo kuna wazee wa mashariki ambao kwao Kilingala ni kwanza lugha ya mwenye bunduki. Siku ya uhuru, Juni 30, 1960, jeshi hilo lilikuwa na watu wapatao 25,000 wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji wapatao 1,000. Mkongo mwenye cheo cha ofisa hakuwapo hata mmoja. Karani wa jana alikuwa ameshakuwa waziri, mwalimu wa shule ya misheni alikuwa mbunge, lakini sajini aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia alibaki sajini, akimpigia saluti luteni wa miaka 22 kutoka Ubelgiji.

Asubuhi ya Julai 5 mkuu wa jeshi, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari wenye vyeo vya chini katika kambi ya Léopoldville, akachukua chaki, na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Alidhani anarudisha nidhamu. Jioni hiyo kambi ya Thysville, mji unaoitwa sasa Mbanza-Ngungu, ikaasi, na kwa siku chache maofisa na familia zao wakapigwa, wanawake wakabakwa, na Wabelgiji wakaanza kukimbia kwa maelfu kuvuka mto kwenda Brazzaville.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba alijibu haraka, na hapo ndipo palipoharibika zaidi. Kwanza alimpandisha kila askari cheo kimoja, jeshi zima, hivyo kwa siku moja nchi ikawa na jeshi lisilo na askari wa kawaida. Askari wakacheka, kisha wakakasirika zaidi. Akamfukuza Janssens, akawaondoa maofisa wa Kibelgiji kwenye uongozi, akamteua Victor Lundula, aliyekuwa meya wa Jadotville na zamani askari mwenye cheo kidogo, kuwa jenerali. Cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi akampa msaidizi wake mwenyewe, kijana aliyewahi kuwa karani jeshini kisha mwandishi wa habari, aitwaye Joseph-Désiré Mobutu.

Nadhani hukumu ya haki kwa Lumumba ni kwamba hakuwa na wiki hata moja ya utulivu. Julai 10 askari wa Ubelgiji waliingia bila kualikwa. Siku iliyofuata Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Kufikia katikati ya mwezi vikosi vya Umoja wa Mataifa vilikuwa njiani. Lakini hata baada ya kumpa haki hiyo, ukweli mmoja unabaki: serikali iliwapa askari vyeo bila kuwapa amri mpya, na mtu aliyesimama kati ya jeshi na mishahara yake alikuwa Mobutu. Rais Joseph Kasa-Vubu alipomfukuza Lumumba Septemba 5, na Lumumba naye akadai amemfukuza Kasa-Vubu, serikali iligawanyika. Septemba 14 Mobutu akatangaza kwamba amewaweka wanasiasa wote kando. Alikuwa na umri wa miaka 29. Lumumba alikamatwa, akapelekwa Katanga na kuuawa Januari 17, 1961. Novemba 1965 Mobutu alirudi tena, safari hii bila kuigiza, akatawala hadi Mei 1997.

Kinachosahaulika kuhusu Mobutu ni kwamba aliliogopa jeshi lake mwenyewe kuliko adui yeyote. Alilipa vizuri kikosi cha walinzi wake na kuwaacha wengine wajitafutie. Septemba 1991 askari wa miavuli wa uwanja wa ndege wa N'Djili, waliochoka na mishahara isiyonunua hata gunia la mihogo, waliingia Kinshasa na kuipora siku kadhaa. Januari 1993 wakarudia. Jeshi la namna hiyo halipindui serikali kwa sababu ya itikadi, wala haliilindi. Muungano wa Laurent-Désiré Kabila ulipotokea mashariki mwaka 1996, na wale askari watoto walioitwa kadogo wakiwa mbele, askari wa Mobutu walikimbia kutoka mji hadi mji, wakipora waliyoweza kubeba.

Sasa Tanganyika. Jeshi lililorithiwa hapo lilikuwa dogo: vikosi viwili, kimoja Colito nje kidogo ya Dar es Salaam, kingine Tabora, jumla askari wapatao 2,000. Walikuwa King's African Rifles hadi uhuru, kisha wakabadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles. Nembo ilibadilika, maofisa hawakubadilika. Kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na chini yake karibu maofisa wote wa ngazi za juu walikuwa Waingereza. Askari wa kawaida alipata shilingi 105 kwa mwezi.

Januari 1964 ilianza na mambo mawili. Januari 7 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba upendeleo kwa Waafrika katika ajira za serikali umekwisha, na kila raia wa Tanganyika atahesabiwa kwa uwezo wake bila kujali rangi. Ulikuwa uamuzi wa haki, na wakati mbaya kabisa wa kuutangaza. Kwa sajini aliyekuwa akingoja nyota begani, maana yake ilikuwa kwamba Mwingereza atakaa. Siku tano baadaye yakatokea mapinduzi ya Zanzibar, ambapo watu wachache wenye silaha chache waliiangusha serikali kwa usiku mmoja, na askari polisi wapatao 300 wakapelekwa huko kutoka Dar es Salaam. Mji ukabaki na walinzi wachache, na kambini kila mtu alikuwa amejifunza jambo kutoka ng'ambo ya bahari.

Usiku wa kuamkia Januari 20 king'ora kililia Colito. Maofisa wa Kiingereza walitoka vitandani wakidhani ni zoezi, wakajikuta mahabusu katika chumba cha walinzi. Miongoni mwa viongozi wa maasi alikuwa Sajini Francis Hingo Ilogi. Makundi ya askari yalishika kituo cha redio, uwanja wa ndege na vituo vya polisi, na wengine wakafika Ikulu. Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa walikwisha kuondolewa na kufichwa. Aliyebaki kukabiliana nao alikuwa Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu kile alichofanya Kambona asubuhi ile hakijapewa nafasi inayostahili. Alikwenda kambini mwenyewe. Askari walikuwa wamemzunguka na bunduki, wakitaka mshahara upande hadi shilingi 260, maofisa Waingereza waondoke mara moja, na Waafrika washike nafasi zao. Luteni Elisha Kavana walimtaka awe kamanda. Kambona alizungumza, alibishana, alikubali baadhi, akaahidi mengine. Waingereza walipakiwa ndegeni na kupelekwa Nairobi. Hakuna aliyetangaza serikali mpya, hakuna hotuba ya kijeshi iliyosomwa redioni. Askari wale walitaka mkataba wa kazi, na walidai kwa bunduki kwa sababu hawakuwa na chombo kingine cha kudai.

Mjini, Kariakoo na Magomeni, maduka yalivunjwa, hasa ya Waarabu na Wahindi, na watu wapatao 20 wakafa. Siku iliyofuata Tabora nayo ikaasi. Nyerere alirudi hadharani, akaongea redioni, na Januari 22 akapita mitaani kuona uharibifu, akijaribu kuonyesha kwamba nchi ina rais. Ilionekana kama mambo yametulia. Kisha ikafahamika kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wakizungumza na askari. Mgomo na maasi vikiungana, serikali ingekuwa imekwisha. Jioni ya Januari 24 Nyerere akafanya jambo ambalo lilimuumiza kuliko yote: aliiomba Uingereza, miaka miwili tu baada ya uhuru, ilete askari wake.

Meli ya HMS Centaur ilikuwa tayari ikizunguka nje ya pwani na makomando kutoka Aden. Alfajiri ya Januari 25 helikopta zilishuka Colito, Brigedia Douglas akiwa na kipaza sauti akiwataka askari wajisalimishe, na kombora moja likapiga chumba cha walinzi. Askari kadhaa waliuawa. Wengine walikimbilia porini, na kabla ya jua kupanda juu karibu wote walikuwa wamekaa chini mikono kichwani.

Maasi hayo hayakuishia hapo. Januari 23 kambi ya Jinja, Uganda, ilimshikilia waziri Felix Onama hadi alipoahidi mshahara zaidi, na jioni iliyofuata Lanet, karibu na Nakuru nchini Kenya, nayo ikawaka. Uingereza ilituma askari Uganda na Kenya pia. Jomo Kenyatta aliwashtaki waasi na kuendelea kuwategemea Waingereza kwa mafunzo. Milton Obote alichagua njia laini zaidi: akaongeza mishahara na kupandisha vyeo haraka, na mmoja wa waliopanda alikuwa Idi Amin. Amin aliichukua Kampala Januari 25, 1971, miaka saba kamili baada ya Waingereza kuwanyang'anya askari wa Jinja silaha zao.

Nyerere alifanya kitu ambacho viongozi wachache wamethubutu: alilivunja jeshi lote. Waasi walirudishwa makwao. Baada ya mkutano wa dharura wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Dar es Salaam Februari, askari wa Nigeria walikuja kulinda nchi badala ya Waingereza, wakati jeshi jipya likijengwa. Viongozi wa maasi walipelekwa mbele ya mahakama. Ilogi akafungwa miaka 15. Hakunyongwa mtu.

Nalitaja hilo la mwisho kwa makusudi, kwa sababu Houston yenyewe ina hesabu yake ya maasi. Mwendo mfupi wa gari kutoka Gulfton kuna Memorial Park, ambako mwaka 1917 palikuwa Camp Logan. Kundi la askari weusi wa Kikosi cha 24 cha Waenda kwa Miguu kililetwa kulinda ujenzi wa kambi hiyo. Agosti 23 polisi wa mji walimpiga askari aliyejaribu kumtetea mwanamke mweusi, kisha wakampiga na kumfyatulia risasi koplo aliyekwenda kuuliza, na uvumi ukafika kambini kwamba ameuawa. Usiku ule askari zaidi ya mia moja waliingia mjini na bunduki. Watu wapatao 20 walikufa, wakiwemo polisi watano na askari wanne. Mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani 110, na alfajiri ya Desemba 11 askari 13 wakanyongwa Fort Sam Houston kabla rufaa yao haijasikika popote; jumla ya walionyongwa ikafika 19. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyozaa kanuni kwamba hukumu za kifo jeshini zipitiwe kwanza Washington. Novemba 2023, miaka 106 baadaye, jeshi la Marekani lilizifuta hukumu zote 110. Demokrasia kongwe ilichukua muda huo kukubali kwamba kabla ya askari kukosa, raia wenye mamlaka walikuwa wameshamkosea.

Turudi Dar es Salaam. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilizaliwa rasmi Septemba 1, 1964, chini ya Mrisho Sarakikya, aliyepandishwa kutoka kapteni hadi brigedia akiwa bado kijana. Makuruta walichukuliwa kutoka JKT na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Askari wakaruhusiwa, kisha wakatarajiwa, kuwa wanachama wa chama. Makamisaa wa siasa wakawekwa vikosini. Maofisa wakageuka wakuu wa mikoa na wilaya, na makada wakavishwa magwanda. Ukuta kati ya siasa na kambi, ambao Waingereza waliuhesabu kuwa mtakatifu, ulibomolewa kwa makusudi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: askari aliyejitenga na siasa ndiye aliyeasi, basi na aingizwe ndani.

Ilifanya kazi. Jirani zake wengi walipata mapinduzi au majaribio mazito, Kenya ikiwa na jaribio la Agosti 1, 1982, huku Tanzania ikibaki na njama zilizogunduliwa mapema. Jeshi hilohilo lilipigana na Amin mwaka 1978 na 1979, likafika Kampala.

Lakini gharama ililipwa, na waliolipa hawakuwa askari. Mara baada ya maasi mamia ya watu walikamatwa, viongozi wa wafanyakazi miongoni mwao, na Februari 1964 shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi likavunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, chini ya serikali. Mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Na Kambona, aliyesimama katikati ya bunduki wakati rais amefichwa, alikimbilia Uingereza mwaka 1967, kisha akatajwa kinara wa njama ya kupindua serikali katika kesi ya uhaini iliyomfunga mwanasiasa Bibi Titi Mohamed. Jeshi lililotiishwa kwa chama lilimaanisha kwamba aliyetoka kwenye chama alibaki peke yake uwanjani.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, waliovaa sare walilazimika kurudisha kadi. Ibara ya 147 ya Katiba sasa inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa anaweza kupiga kura. Kadi hurudishwa kwa siku moja. Desturi iliyojengwa kwa miaka karibu 30 haina siku yake ya kurudishwa.

Jeshi la Kongo na jeshi la Tanzania yalikutana Kivu Kaskazini. Aprili 2012 askari wa FARDC, jeshi la Kongo, waliokuwa waasi wa CNDP, wakaingizwa jeshini kwa makubaliano ya Machi 23, 2009, waliasi tena kwa jina la M23, wakilalamikia vyeo, mishahara na makubaliano yaliyovunjwa. Ni madai ambayo yeyote wa Thysville angeyatambua, ila safari hii wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikuta mikono ya Rwanda nyuma yake. Novemba M23 iliichukua Goma. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipeleka kikosi cha kushambulia chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, kamanda akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Agosti mwaka huo meja wa Tanzania aliuawa karibu na Goma, na Novemba M23 ikashindwa. Wakimbizi wengi wa Kivu waliokuja Houston baadaye walipita kwenye nchi mbili za hadithi hii: vita vya nchi ya kwanza viliwafukuza makwao, na nchi ya pili ikawapokea kambini.

Wasalvador wa Gulfton wana toleo lao. Makubaliano ya Chapultepec, yaliyotiwa saini Januari 16, 1992, yalipunguza jeshi, yakavunja vikosi vilivyoogopwa zaidi na kuunda polisi wa kiraia. Februari 9, 2020 Rais Nayib Bukele aliingia bungeni akifuatana na wanajeshi wenye silaha, kuwashinikiza wabunge wapitishe mkopo. Jeshi halikumwasi rais siku hiyo. Lilimtii.

Swali hilo la nani anatiiwa limefika Tanzania pia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka Dar es Salaam na miji mingine. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa, intaneti ikakatwa, na wanajeshi wakaonekana mitaani. Kwa siku kadhaa Watanzania wa Houston hawakuweza kuzungumza na nyumbani, na waliokuwa wakiwafariji ni majirani wa Kongo, wenye uzoefu mkubwa zaidi wa simu zisizopokelewa. Novemba 3 rais aliapishwa Dodoma katika uwanja wa gwaride, mbele ya viongozi na askari, na raia hawakuruhusiwa kuingia.